Salamu Iliyopita Kwenye Kisanduku

Niemivaara, 12 Oktoba 2016

Mdogo wangu Levi,

Salamu nyingi kutoka mtoni. U hali gani huko, na kifua chako kinasemaje na mvua hiyo ya Bergen? Turid wako hajambo? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Viazi tumevitoa kabla ardhi haijaganda. Bernt wangu mgongo unamsumbua, lakini ukimwuliza atakwambia kosa ni la kiti cha trekta. Theluji ya kwanza ilianguka juzi ikayeyuka, kama mgeni aliyechungulia mlangoni, akakuta watu wanakula, akaona haya akarudi.

Najua utashangaa kupata barua. Mara ya mwisho tulipoongea kwa simu uliniambia naongea na wewe kama naongea na mteja, ukakata. Nilikasirika, nikaosha sufuria zote pamoja na zile zilizokuwa safi. Halafu nikatulia, nikaona umesema kweli. Mtu akishinda na simu sikioni kutwa, sauti yake hubadilika. Jioni nikifika nyumbani simu ikilia namwachia Bernt. Kwa hiyo nimeona nikuandikie, kalamu haina sauti ya kazini.

Sijawahi kukueleza vizuri kazi yenyewe. Unajua nilikuwa mpishi wa shule mpaka watoto wa kijiji walipokwisha, shule ikafungwa, nikabaki na mwiko mkononi. Ndipo nikaenda mjini kwenye hiki kituo cha simu za msaada. Wazee wa nchi nzima wanaokaa peke yao wamevaa kitufe mkononi kama saa. Mzee akianguka anabonyeza, na kisanduku kilichoko nyumbani kwake kinatupigia sisi. Kwangu inawaka taa nyekundu, linatokea jina na mahali, nami nasema, "Kituo cha msaada, hapa Rakel, kuna nini?" Basi nasubiri. Kabla mtu hajajibu nasikia saa ya ukutani kwake. Wengine siku hizi nawatambua kwa saa zao, na kwa mbwa.

Wengi hawajaanguka. Wamegusa kitufe kwa bahati mbaya wakikanda unga. Wanasema, "Samahani mwanangu, nimekosea," na baada ya kusema hivyo hawakati. Nami sikati. Msimamizi wetu Camilla anasema nina moyo mwema na takwimu mbaya.

Sasa la baba. Mwezi wa nane aliteleza kwenye banda la kuni akalala pale mpaka jirani alipopita. Hakuvunjika, lakini wauguzi wa nyumbani wamemfunga kitufe na yeye. Alisema mtu mwenye maombi hahitaji kengele. Nikamwambia, baba, hata Nuhu aliambiwa ajenge safina, hakuambiwa aombe tu. Akavaa. Kuna sharti moja kazini: simu ya ndugu yako huruhusiwi kuipokea, maana utalia badala ya kusaidia. Jina la baba likiwaka, anapokea Ifrah, jirani yangu wa meza. Ni binti wa Kisomali, amekulia mjini, ana subira kuliko sisi wote. Na kila mwanzo wa mwezi mzee lazima abonyeze mara moja kujaribu kama kitufe kinafanya kazi.

Baba amekonda, Levi. Mimi siombi makubwa. Njoo Krismasi, na Turid kama atapenda. Chumba chako cha juu bado kina harufu ya mbao.

Nijibu, tafadhali.
Dada yako Rakel


Bergen, 9 Novemba 2016

Dada Rakel,

Barua yako imefika. Kifua kizima, mvua nzima pia. Turid anakusalimu, anasema mwandiko wako unafanana na uzio ulionyooka. Mimi niko juu ya paa la nyumba ya mbao ya zamani hapa mtaani, natoa mihimili iliyooza natia mipya. Mwenye nyumba ni mwalimu wa muziki. Kila siku anakuja chini ya ngazi na kuniuliza, "Fundi, itakuwa tayari lini?" na mimi kila siku namjibu, "Mvua ikinijibu mimi, nitakujibu wewe."

Nimeisoma barua yako mara mbili, na nimecheka mahali pamoja: "Salamu nyingi kutoka mtoni." Umetafuta sana, dada. Umepata salamu ya katikati ya maji, isiyo ya waumini wala ya wageni. Usidhani sikuona.

Wewe ulikuwepo. Siku ya mazishi ya mama, baba kama mhubiri alisimama juu ya ngazi za nyumba ya maombi, na kila aliyepita alimshika mkono kwa salamu ya waumini. Amani ya Mungu, amani ya Mungu, amani ya Mungu. Hata Bernt, ambaye kila mtu anajua anasikiliza hoki redioni kwenye trekta. Nikafika mimi. Mkono akauweka mfukoni, akasema, "Siku njema." Siku njema, Rakel! Hivyo ndivyo anavyomsalimia msoma mita ya umeme.

Na kosa langu lilikuwa nini? Televisheni. Mama amelala hawezi kugeuka, alikuwa bingwa wa kuteleza juu ya theluji kwa ski alipokuwa msichana, nikamletea televisheni ndogo, iliyo dhambi kwa waumini wetu, aone mashindano. Alitazama siku mbili akicheka kama mtoto. Siku ya tatu baba akaibeba akaiweka nje kwenye theluji, na mama akanyamaza mpaka alipokufa.

Mimi sina ugomvi na Mungu. Lakini mlango ulifungwa upande wa ndani, na mimi siwezi kuufungua kutoka nje. Ukitaka nije niambie jambo moja tu: je, ameniulizia? Amelitaja jina langu? Kama ndiyo, nitakuja hata kwa miguu. Kama hapana, Krismasi njema.

Levi


Niemivaara, 4 Desemba 2016

Mpendwa Levi,

Hamjambo nyote? Nafurahi kifua kimepona. Sisi tunaendelea vizuri. Mto umeganda, Bernt ameshatoboa shimo lake la kuvulia, anarudi na samaki mmoja na mafua mawili. Wajukuu wanakuja Jumamosi kuoka mikate.

Nikuchekeshe kidogo. Wametuletea mfanyakazi mpya kutoka kusini, kijana wa heshima anaitwa Joakim. Akapokea simu ya mzee wa huku kwetu. "Uko salama?" Unajua watu wetu, "ndiyo" hawaisemi, wanaivuta na pumzi tu, hsh! Joakim akauliza tena, mzee akavuta tena pumzi, hsh! Joakim akapeleka gari la wagonjwa. Wakamkuta mzee mezani na kikombe cha kahawa amenuna: "Nimemkubalia mara mbili, alitaka nimwimbie?"

Lakini siku nyingine si za kucheka. Wiki hii mama mmoja wa kisiwa cha mbali alibonyeza, mume wake ameanguka jikoni. Nilimwelekeza namna ya kukandamiza kifua, tukahesabu pamoja kwa sauti, mimi huku na yeye kule, mpaka nikasikia mlango na viatu vya watu. Mtu akasema, "Tumefika," laini ikakatwa. Basi. Alipona? Alikufa? Hakuna anayeniambia. Ndiyo kazi hii, Levi. Unasomewa ukurasa mmoja wa maisha ya mtu, halafu kitabu kinachukuliwa mkononi mwako. Naenda chooni, naomba sala fupi, narudi, taa nyekundu imeshawaka tena.

Sasa swali lako. Nimekaa na barua yako mfukoni mwa aproni tangu ifike. Siwezi kulijibu. Nimesikia jambo kazini ambalo siruhusiwi kulisema wala kuliandika. Siku ya kwanza ya kazi tuliweka ahadi kwamba tunayoyasikia pale yanabaki pale, na mimi niliiweka ahadi hiyo mbele ya Mungu ingawa Camilla alitaka saini tu. Unanijua. Nikishasema neno langu, nimelisema.

Ninachoweza kukwambia ni hiki: njoo. Usiniulize kwa nini. Njoo kama ulivyokuja nilipovunjika mguu, bila maswali, na begi moja.

Dada yako anayekupenda,
Rakel


Bergen, 2 Januari 2017

Rakel,

Heri ya mwaka mpya.

Nimekuuliza swali la ndiyo au hapana, umenipa fumbo na samaki wa Bernt. Kama kuna jambo, liseme. Kama huwezi kulisema, usinitingishie mfuko uliofungwa. Nimeshazoea kuishi bila kujua. Usinifundishe tena kutumaini.

Krismasi tulikula mbavu za kondoo, mimi na Turid na mwalimu wa muziki, maana paa lake bado liko wazi na alikuwa anaona baridi.

Siku njema.
Levi


Niemivaara, 20 Februari 2017

Levi mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Kile ulichoandika mwishoni kilinikata, lakini sikukasirika. Nilikiweka mbele ya Mungu na kukiacha hapo. Huku baridi imekaza mpaka misumari inalia ukutani. Bernt hajambo. Leo sina habari nyingine za familia, maana habari yenyewe ndiyo familia.

Jumapili baada ya ibada nilipita kwa baba na mkate. Alichemsha kahawa mwenyewe, akakata jibini akalitumbukiza kikombeni kama kawaida yake. Tukala mkate. Halafu akasema, macho ameyaelekeza dirishani:

"Basi amekataa."

"Nani amekataa nini, baba?"

"Kijana. Nimemtumia salamu tangu vuli, hajibu. Ana haki yake."

"Umetuma na nani?"

Akanyoosha kidole kwenye kisanduku kilichoko juu ya kabati, karibu na Biblia. "Na hicho. Si wewe uko upande wa pili?"

"Baba, mimi siruhusiwi kupokea simu yako. Anapokea Ifrah."

"Najua. Msichana ana adabu, anaitikia salamu. Lakini ulisema mwenyewe meza zenu zinagusana. Masikio huna?"

"Ninayo."

"Basi?"

Levi, nilishika kikombe kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Nimeahidi, baba. Tunayoyasikia pale hatuyatoi nje. Sijamwambia Levi neno."

Nilingoja anikemee. Alikaa, akakoroga kahawa ambayo haina sukari. Kisha akasema polepole, "Kumbe hajakataa."

"Hajakataa. Hajui."

Akacheka, Levi! Alicheka mpaka akakohoa, akachukua kipande cha pili cha mkate. Nikamwuliza, "Kwa nini hukuniambia mimi hapa mezani?" Akasema, "Hapa mezani unaniangalia."

Kisha akaniuliza ile ahadi inamlinda nani. Nikasema inamlinda anayepiga simu. "Anayepiga ni mimi," akasema. "Siri ni yangu, naifungua. Mwandikie."

Kwa hiyo sasa naweza. Kila mwanzo wa mwezi, akijaribu kitufe, baba alisema maneno yaleyale, kama alivyonisimulia: "Hapa Evert Niemi, najaribu. Na mwambieni kijana wangu Levi, amani ya Mungu." Mimi nilikuwa nasikia upande wa Ifrah tu. Mara ya kwanza nilimsikia anasema, "Levi ni nani, babu?" Akamweleza kwamba kituo hakipeleki ujumbe wa watu, ila salamu yenyewe akaiitikia: "Na kwako iwe amani." Baadaye aliniambia, "Dada Rakel, kwetu salamu ya amani haiachwi hewani. Ukiiacha, unadaiwa." Baba alimsikia akiitikia hivyo, akadhani imefika.

Nikamwambia baba, basi tumpigie Levi simu sasa hivi. Akatikisa kichwa. "Nilimnyima mkononi, nitampa mkononi. Mwambie aje. Mwambie na ile televisheni, haikuwa..." Hakumaliza. Akainuka kuongeza kuni jikoni, na jiko lilikuwa limejaa.

Uliniuliza kama amelitaja jina lako. Ndiyo, Levi. Kila mwezi.

Rakel wako


Bergen, 11 Machi 2017

Dada yangu Rakel,

U mzima? Bernt je? Mpe pole ya mgongo.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa kwenye ngazi, kisha nikampa Turid anisomee kwa sauti kwa sababu sikuyaamini macho yangu. Alipofika pale pa jibini na kahawa alilia yeye, mimi nikaenda kutafuta nyundo ambayo nilikuwa nimeishika.

Samahani kwa ile "siku njema". Ilikuwa ya kitoto. Nilipoidondosha kwenye sanduku la posta nilitamani kuingiza mkono niitoe, lakini mdomo wa sanduku ni mwembamba na watu walikuwa wananitazama.

Ningekuja kesho. Lakini paa la mwalimu liko wazi nusu nzima, na siwezi kuliacha mvua imnyeshee kwenye piano. Nikishalifunika ninatoka. Nimepanga wiki ya Pasaka: Jumatano nitapanda treni, Alhamisi Kuu niko kwenu. Usimwambie aje kunipokea kituo cha treni, atataka kuendesha mwenyewe. Nataka nimkute mlangoni.

Nikwambie siri. Salamu ile sijaitamka tangu mazishi ya mama. Juzi nilikuwa nanyoa ndevu nikajaribu kuisema mbele ya kioo, iwe tayari kinywani. Ilitoka vibaya. Nikarudia. Turid akauliza nje ya mlango, "Unasali au unagombana na kioo?" Nikamwambia yote mawili. Akasema, "Basi maliza, maji ya moto yanaisha."

Mwambie baba nakuja. Mwambie sikukataa. Ningejua, nisingekataa hata siku moja.

Nikifika tutakunywa kahawa na jibini lake, ingawa linalia menoni kama raba.

Mdogo wako,
Levi


Niemivaara, 14 Mei 2017

Amani ya Mungu, Levi mdogo wangu,

Nimeandika salamu hii bila kuuliza ruhusa ya mtu. Ningeiandika tangu ile barua ya kwanza, lakini niliogopa, sijui nilimwogopa nani. U hali gani? Unalala? Kifua hakijarudi kukusumbua? Turid ameniandikia kadi nzuri sana, mshukuru. Anasema umefunga paa na umeanza jingine, na kwamba huongei. Sisi tupo. Barafu ya mto ilikatika juzi kwa kishindo, vipande vimepanda mpaka kwenye sauna ya jirani. Baba angekuwa amesimama pale kwenye ukingo akiwaambia watu kwamba mwaka wa ujana wake vilipanda zaidi.

Sikulaumu kwa kuondoka kwenye mazishi ya baba kabla ya kahawa. Nilikuona pale kwenye ngazi za nyumba ya maombi. Wote walikupa mkono, wazee wote, amani ya Mungu, amani ya Mungu, na wewe ulikuwa unatazama viatu vyao. Hukumwitikia hata mmoja. Nilielewa. Ulikuwa umemtunzia mtu mmoja.

Barua yako ya mwezi wa tatu nilimsomea baba. Akataka nirudie pale pa kioo. Kuanzia siku hiyo alikuwa akiifagia ngazi ya mlango wake kila asubuhi, kuna theluji au hakuna. Nilimwambia, "Baba, Pasaka bado," akasema, "Ngazi haijui."

Sasa nataka kukueleza ile Jumatatu ya wiki ya Pasaka, maana nilipokupigia simu nilikwambia kwa ile sauti ya kazini uliyoichukia, sikuwa na nyingine. Siku ile sikukwambia lolote zaidi ya kwamba amefariki.

Nilikuwa mezani kwangu. Ilikuwa mchana, jua limejaa chumbani, tunalalamika kwamba skrini hazionekani. Taa ikawaka, likaja jina la baba. Si siku ya kujaribu. Nilivuta mikono yangu kutoka kwenye meza na kuikalia, Levi, kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki. Ifrah akapokea. Nikamsikia: "Babu Evert, nakusikia. Uko wapi? Nje kwenye ngazi? Usijaribu kuinuka. Gari linakuja." Akaniangalia mara moja tu, na macho yale yakaniambia niende.

Lakini sikuondoka mara moja. Ndiyo maana nilisikia haya: "Ndiyo, babu, anakuja. Alhamisi. ... Hapana, sikati. ... Nasikia, sema tu." Halafu akasikiliza. Alisikiliza muda mrefu, kalamu imesimama hewani. Akasema, "Sema tena, babu, nipo." Akasikiliza tena. Machozi yakawa yanamdondoka lakini sauti haikutikisika. Mwisho akasema, "Na kwako iwe amani."

Hapo nikakimbilia gari. Kabla sijafika daraja la kijiji nilikutana na gari la wagonjwa likirudi. Lilikuwa linakwenda taratibu na taa zake zimezimwa. Sikuhitaji kuambiwa.

Alisema kitu kirefu, Levi. Baba, ambaye nje ya mimbari hakuwahi kusema kitu kirefu. Nimemwuliza Ifrah. Nilimwuliza chumba cha chai, nikamwuliza kwenye maegesho, nilimwuliza vibaya mpaka nikaona aibu. Alinishika mikono akasema, "Dada Rakel, nimeahidi kama ulivyoahidi wewe. Yeye alikufungulia siri yake. Mimi hakunifungulia." Ningesema nini? Ni maneno yangu mwenyewe yamenirudia. Aliongeza jambo moja tu: "Yale hayakuwa yangu. Mimi niliitikia kwa niaba tu. Mwenyewe ayasikie."

Na yanaweza kusikika. Kila simu inayoingia kituoni hurekodiwa. Nimeuliza kwa Camilla. Mzee akifariki, watoto wake wanaweza kuomba kusikiliza, ila lazima waombe wote. Mmoja peke yake haruhusiwi. Tuko wawili. Mimi nimeshaweka saini, karatasi nimeitia humu, mahali pako nimepawekea alama ya msalaba kwa penseli. Rekodi hazikai. Za mwezi wa nne zitafutwa kabla ya sikukuu ya kiangazi ya mwezi wa sita, na zikifutwa zimefutwa.

Najua utasema nini. Utasema, nisikilize ili iweje, nikiitikia nitamwitikia nani. Mimi si msomi, sina jibu la kitabu. Ila nimekaa kwenye kile kiti nikisomewa ukurasa mmoja mmoja wa wageni, nikinyang'anywa kitabu kila mara, na sijawahi kujua mwisho wa mtu hata mmoja. Huyu ni baba yetu. Huyu mmoja naomba nijue mwisho wake, na sitaki kuujua bila wewe. Kama utaogopa, tutakaa pamoja. Camilla atatupa kile chumba kidogo chenye dirisha la mtoni. Ifrah amesema atatuletea chai na kutuachia mlango.

Kisanduku chake bado kiko juu ya kabati. Wauguzi walikuja kukichukua, nikawaambia wangoje kidogo. Ngazi naifagia mimi.

Weka saini, Levi, uitume. Au uilete mwenyewe mkononi. Lakini nijibu upesi.

Dada yako,
Rakel